Ufunguo Umepanda Treni

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Spidi katikati ya reli, ndani ya gari lenye nguvu za farasi mia tatu, na farasi wote wamelala. Treni ilikuwa inakuja. Na anayeiendesha treni hiyo ni baba wa msichana ambaye Spidi anataka kumwoa.

Wiki nzima watu wanatusimamisha barabarani kutuuliza: je, amekufa?

Hajakufa. Lakini msianze kushangilia, siku bado mbichi.

"Waka!" Spidi alilifokea gari, kidole gumba kimekandamiza kitufe cha kuwashia. "Waka, mama! Waka nakuomba!"

Gari halikuwaka. Badala yake, yule mwanamke anayeishi ndani ya dashibodi akasema maneno yake kwa sauti laini, kwa lugha ya huko ng'ambo gari lilikotengenezwa. Spidi hakuwahi kumwelewa hata neno moja. Alimpa jina tu, Bibie. Tangu asubuhi Bibie alikuwa na mengi ya kusema, na kila aliposema Spidi alimjibu "asante" na kuongeza sauti ya muziki.

"Bibie, huu si wakati wa maongezi!"

Honi ya treni ikalia. Ndefu, fupi, ndefu. Kwa lugha ya treni maana yake ni moja tu: nipisheni.

Mtu mwenye akili zake angefungua mlango akatimua mbio. Mlango ulikuwa unafunguka vizuri, miguu ilikuwepo, na nchi ilikuwa pana kulia na kushoto. Lakini kumbukeni jambo ambalo ni sisi na Spidi tu tunaolijua. Gari si lake.

Spidi ni dereva wa yadi ya magari. Kazi yake ni kuwapelekea wateja magari waliyokwisha kuyanunua, akienda taratibu, bila kugusa redio. Hili alitakiwa kulikabidhi alasiri hii hii, nyuma ya ghala la stesheni ya mwisho, kwa mteja ambaye pale yadi hakuna aliyejua sura yake. Mambo yote yalipitia kwenye simu. Bosi alimwita Mteja wa Siri. Spidi akaona si dhambi kubwa kulifanya gari kuwa lake kwa nusu siku, walau ukweni wamwone.

Maana jana, ukweni, mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema:

"Kesho ni safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Mke wangu na binti yangu watakuwa humo ndani. Wewe njoo na hilo gari lako unalolitangaza mtaa mzima. Ukifika stesheni ya mwisho kabla yangu, tutazungumza habari za ndoa. Ukinikuta nimefika, tutazungumza habari za mvua."

Kisha akaongeza, huku anaupuliza mchuzi: "Mimi magari siyataki hata kuyaona. Ni makelele ya watu wasiokuwa na pa kwenda."

Kwa hiyo treni ikilikanyaga gari, Spidi hana kazi. Akikosa kazi, hana mchumba. Na akibaki ndani ya gari, hana Spidi.

Akaruka nje. Akavua koti la suti, akaanza kukimbia katikati ya reli kuifuata treni, koti linapepea juu ya kichwa. Suruali ilikuwa ya kubana, ya mtindo, hata akawa anakimbia kwa magoti tu, mapaja yamegoma.

"Simamaaa! Mzee, simamaaa!"

Hapa tuombane radhi kidogo. Wiki iliyopita tuliandika kwamba treni ilikuwa inakuja kwa kasi ya umeme. Wino ulituponyoka. Kabla ya kivuko kile cha reli kuna mlima, na treni ile, na mabehewa yake yote, huupanda kama mgonjwa anayepanda ngazi za hospitali. Wauza karanga hushuka behewa la mbele, wakanyoosha mgongo, wakapanda la nyuma.

Ilikuwa inakuja, basi. Hilo hatukudanganya.

Spidi alipoona kichwa cha treni kimemkaribia, akajitupa pembeni kwenye majani. Chuma kikaanza kulia juu ya chuma. Mabehewa yakagongana vifua, moja baada ya jingine, na vichwa vya abiria vikatokeza madirishani.

"Wewe bwana, unakimbilia wapi? Treni ndiyo hii umeipita!"

"Mwacheni, anafanya mazoezi."

"Na suti?"

"Ndiyo mazoezi ya matajiri hayo."

Spidi aligeuka, akaanza kukimbia kurudi alikotoka, sambamba na treni, wote wawili kwa mwendo mmoja. Akafika ameishiwa pumzi, na treni nayo ikafika imeishiwa pumzi. Ikasogea hatua moja ya mwisho, ikakohoa, ikaugusa mlango wa gari.

Tik.

Basi. Ikasimama.

Mzee akashuka kwenye kichwa cha treni. Alikuwa mfupi, sare imenyooshwa mpaka mikunjo inakata, kofia imekaa sawasawa. Hakumtazama Spidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akachuchumaa mbele ya mlango ulioguswa, akalamba kidole na kusugua mkwaruzo mdogo usiozidi ukucha. Akasugua tena.

"Shikamoo, mzee," Spidi akasema.

"Marahaba."

"Pole sana, mzee. Natumaini treni haijaumia."

"Treni?" Mzee aliinua uso. "Nani anaulizia treni?"

Spidi akaona ajabu kidogo, lakini mtu aliyenusurika kufa huwa hachambui maneno.

Mzee akasimama. Akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mtoto aliyerudi kutoka kwa majirani.

"Gari lako hili?"

"Langu, mzee."

"Lako kabisa?"

"Kabisa. Sina ubia na mtu."

"Ulilinunua lini?"

"Zamani kidogo. Mwaka juzi hivi."

"Mwaka juzi." Mzee alichungulia dirishani. "Na haya manailoni kwenye viti?"

"Najitahidi kulitunza, mzee."

"Na hiyo stika ya yadi kwenye kioo?"

"Urembo tu."

Abiria wa behewa la kwanza walikuwa wameshuka na kusogea. Mmoja wao, fundi seremala aliyekuwa na msumeno umefungwa kwenye gazeti, akauliza kwa sauti: "Sasa kama ni lako, mbona umelipaki kwetu?"

"Halijapakiwa," Spidi alisema. "Linapumzika. Magari yenye nguvu huwa yanapumzika."

Watu wakaangua kicheko. Mzee peke yake hakucheka.

"Hebu niambie ilivyokuwa," alisema. "Bila urembo."

Spidi akaeleza. Mbele yake kulikuwa na lori, lile linalokwenda kupakia kokoto machimboni. Lori likasimama ghafla ng'ambo ya reli, dereva wake akashuka kukaza kamba. Spidi, ambaye alikuwa amelibana kwa nyuma ili alipite, naye akasimama. Na aliposimama, magurudumu yakawa yako katikati ya reli. Mara injini ikanyamaza yenyewe. Roho ikamruka Spidi, akabonyeza kitufe ili aiwashe. Tangu hapo kimya. Lori likaondoka zake, Bibie akaanza kuongea.

Mzee akafumba macho kama mtu aliyesomewa habari za msiba.

"Injini haikufa," alisema taratibu. "Gari hili likisimama, injini hujizima yenyewe ili lisile mafuta bure. Ukiachia breki tu, inawaka. Wewe ukabonyeza kitufe, ukalizima kabisa. Sasa haliwaki mpaka lione ufunguo uko ndani. Na breki zake zimejifunga, hata mje watu hamsini hamtalisukuma. Ufunguo uko wapi?"

Spidi akabaki mdomo wazi. "Mzee, wewe si huyapendi magari? Umeyajuaje yote haya?"

"Nasikia watu wakisema," mzee alijibu haraka, akageuza uso. "Nimekuuliza ufunguo."

Spidi akajipapasa mifuko ya suruali. Haikuwa mifuko, ilikuwa imeshonewa, ya maonyesho. Akapapasa koti. Hakuna. Ndipo kijasho chembamba kikamtoka, kikashuka mpaka kwenye tai.

Asubuhi, kabla ya kutoka, alijitazama kwenye kioo akaona ufunguo unatuna mfukoni mwa koti na kuharibu umbo la suti. "Nishikie huu, mpenzi," alimwambia mchumba wake, na mchumba akautia kwenye mkoba. Wakaenda mpaka stesheni ya kwanza, injini inanguruma. Mchumba akashuka na mkoba wake akapanda treni ya baba yake. Gari halikuzimika, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuwaka. Ila Bibie ndipo alipoanza kusema. Akasema pale stesheni. Akasema kwenye daraja. Akasema njia nzima, kwa upole, hachoki, na Spidi akadhani anasifiwa kwa uendeshaji.

"Uko ndani ya treni yako, mzee," alisema. "Behewa la tatu. Ufunguo umepanda treni."

Mzee akatazama mbinguni. Bega likamruka kidogo, kama anazuia kitu, na Spidi hakujua kama ni kilio au kicheko.

Kutoka juu kwenye kichwa cha treni, msaidizi wake, mtu mzima mwenye masharubu, akachomoza na simu mkononi.

"Bosi! Stesheni wanauliza tumesimamia nini! Niwaambie nini?"

"Waambie kuna ng'ombe kwenye reli."

"Wangapi?"

Mzee akamtazama Spidi. "Mmoja."

"Nikaufuate ufunguo, mzee," Spidi alisema, akageuka kwenda behewa la tatu. Hakupiga hata hatua tatu.

Twi-twi!

Gari likalia nyuma yake. Taa zikawaka, vioo vya pembeni vikajikunjua kama masikio ya mnyama aliyemsikia mwenyewe anarudi.

"Afadhali!" Spidi akapiga kelele kwa furaha. "Mchumba wangu amefika!"

Akageuka. Hapakuwa na mchumba. Alikuwepo mzee peke yake, amesimama kando ya mlango, mkono mmoja umezama mfukoni mwa sare.

"Mzee... umeona? Limewaka taa lenyewe."

"Nimeona."

Mzee akatazama nyuma, akatazama mbele, akahakikisha seremala na wenzake wamekwenda upande wa pili kuangalia magurudumu. Kisha akautoa mkono, pole pole, akafungua kiganja.

Ufunguo. Mweusi, mpya, na kijibati cha yadi kinaning'inia. Ule wa akiba, ambao bosi wa Spidi aliutuma mwezi uliopita kwa Mteja wa Siri.

Maneno yote aliyoyasema Spidi yakamrudia moja moja: langu kabisa, sina ubia, mwaka juzi, urembo tu. Alikuwa amemdanganya mtu kuhusu gari la mtu huyo huyo, mbele ya gari lenyewe.

"Mzee... kumbe wewe ndiye..."

"Nyamaza!" Mzee alimshika mkono akamvuta nyuma ya gari. "Mke wangu yuko behewa la tatu. Unataka anisikie?"

"Lakini wewe magari..."

"Sikiliza, kijana. Siku ninamwoa mke wangu nilikula kiapo mbele ya mama yake kwamba gari halitaingia uani kwetu. Sababu zao walizijua wenyewe, mimi nilitaka mke. Tangu hapo nayatukana magari mezani, sebuleni, mpaka misibani, asije akanishuku. Na kila nikilala naota nimeshika usukani." Akapitisha kiganja juu ya boneti, kidogo tu, kama anafuta vumbi. "Nimekodi banda nyuma ya ghala. Nilipanga niwe nalitembelea. Kama mtu anayemtembelea mgonjwa."

Spidi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasahau suti yake. Akamwonea mzee huruma. Huruma hiyo haikuishi sana.

"Sasa wewe," mzee akaendelea, uso umerudi kuwa chuma, "mpaka nipate namna ya kumwambia, gari hili ni lako. Umeshazoea kusema hivyo, haitakupa shida."

"Na binti?"

"Gari likiwa lako, binti ni wako. Mke wangu akisikia kwako kwamba ni langu, mimi nitasahau hata sura yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

"Usiniite baba. Bado."

Mara mchumba akatokea kati ya reli na majani, anachechemea. Kisigino cha kiatu chake kimoja kilikuwa kimekatikia kwenye kokoto, naye amekibeba mkononi kama ushahidi. Mkono wa pili umeinua ufunguo.

"Mpenzi! Nilikuwa natafuta kioo, ndipo nikaukuta chini ya mafuta ya midomo. Ufunguo wako huu! Ulikujaje bila ufunguo?"

"Kwa mapenzi," Spidi akasema.

"Ulisema utafika kabla yetu."

"Nimefika kabla yenu. Ninyi ndio mmenikuta hapa."

Mchumba akacheka, akamtia Spidi ufunguo kiganjani. Kisha akamgeukia baba yake. "Haya, baba, sema ukweli. Umelionaje gari lake?"

"Zuri," mzee akasema, bila kupepesa. "Ana bahati sana huyu kijana." Akasafisha koo. "Mkwe, nipe heshima nikusogezee gari lako litoke relini. Abiria wangu wanachelewa."

Mkwe! Moyo wa Spidi ukaruka ukagonga dari. Ila upande wa pili, kazi ya yadi ilimfundisha kuogopa.

"Mzee, acha nilitoe mimi. Ni hatua chache tu."

"Aliyelileta hapa ni nani?"

"Mimi."

"Nikupe tena?"

Spidi akasogea pembeni. Mchumba, kiatu kimoja kina kisigino na kingine hakina, akafungua mlango wa nyuma akajibwaga kitini. "Mimi napumzisha mguu. Nitashukia hapo mbele."

Mzee akaingia upande wa dereva. Akavua kofia, akaiweka kwenye kiti cha pembeni kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Akashika usukani kwa mikono miwili, na uso wake ukawa wa mtoto. Akabonyeza kitufe. Farasi wote wakaamka kwa pamoja. Bibie akasema neno moja fupi, la kuridhika.

"Asante, mama," mzee akamjibu.

Spidi akainama dirishani. "Mzee, mafuta kidogo tu. Usiulaze mguu. Lina nguvu hili."

"Kijana, mimi nimeivuta treni tangu hujazaliwa. Leo wewe unifundishe kuondoka?"

Na hapo, wasomaji, ndipo balaa lilipojificha. Mtu aliyezoea treni, akitaka kuondoka, huipa injini nguvu yote mapema na kusubiri. Husubiri sana. Mabehewa yanafikiria, yanavutana, yanalalamika, na baada ya muda mambo yanaanza kusogea. Mzee alifanya kama alivyofanya maisha yake yote. Alikanyaga mpaka chini, akaegemea, akasubiri.

Gari halikuwa na desturi ya kusubiri.

Kokoto ziliruka zikapiga kichwa cha treni kama mvua ya mawe. Wingu la vumbi likasimama. Spidi alijikuta ameketi chini, na ndani ya vumbi alisikia sauti mbili zikienda mbali kwa kasi: ya binti, "Babaaa!", na ya mzee, ambayo kwa masikitiko makubwa lazima tuseme ilikuwa ni ya furaha.

Vumbi likatulia. Reli ilikuwa wazi, safi. Treni inaweza kupita sasa. Haina dereva tu.

"Bosi?" msaidizi akaita kutoka juu. "Bosi! Treni!"

Madirisha yote yakajaa vichwa.

"Dereva ametoroka!"

"Ametoroka na gari la mkwewe!"

"Si alikuwa anastaafu leo? Hakuweza kuvumilia mpaka tufike?"

"Msaidizi, twende basi wewe!"

"Siruhusiwi kuiondoa bila yeye," msaidizi alisema kwa huzuni. Simu ikaanza kulia tena mkononi mwake. "Niwaambie nini sasa? Ng'ombe ameondoka, dereva naye ameondoka?"

"Waambie wameondoka pamoja," seremala akasema.

Kwenye ngazi za behewa la tatu akateremka mama mmoja, mrefu, miwani puani, kazi ya kufuma sweta ikiwa bado mkononi. Hakuwa na haraka. Watu wakampisha wenyewe. Akaja mpaka alipokuwa Spidi, akamtazama akijikung'uta vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe kijana wa jana."

"Ndimi, mama."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Amesogeza gari kidogo."

Mama akatazama barabara. Vumbi lilikuwa limefika mbali sana. "Kidogo," akasema. Akafuma tundu moja. "Mwanangu, mimi na mume wangu tuko tofauti. Yeye anataka mkwe mwenye mbio. Mimi nataka mkwe mwenye ulimi mnyoofu, basi. Awe hana kiatu, sijali. Nikimkamata mtu kwa uongo mmoja, binti yangu haingii nyumbani kwake. Kwa hiyo nitakuuliza swali moja tu. Gari lile ni la nani?"

Hata wauza karanga waliacha kuuza. Treni nzima iliinamia upande mmoja ili isikie.

Spidi akapiga hesabu. Akisema "langu", atakuwa amemtii baba, na amemwongopea mama. Akisema "la mzee", atakuwa amemridhisha mama, na kumchongea baba. Binti ni mmoja, nao wazazi wamemshika kila mmoja mkono wake.

Akatazama barabara: mzee alikuwa mbali. Akatazama miwani: mama alikuwa karibu, na sindano za kufumia zilikuwa ndefu. Ukweli wa Spidi siku zote ulikwenda kwa umbali.

"La mzee, mama," akasema. "Gari ni la mume wako. Alilinunua yeye. Mimi ni dereva wa yadi tu, nilikuwa nampelekea."

Akafumba macho, akisubiri mbingu zianguke.

Mama akacheka.

Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Behewa la kwanza nalo likacheka, likalipokeza la pili, na la pili likalipa la tatu.

"Muongo mkubwa wewe!" mama akasema. "Na huo ufunguo ulioushika mkononi ni wa nani? Wa kabati?"

Spidi akautazama ufunguo kiganjani mwake. Hakujua alikuwa bado ameung'ang'ania.

"Mama, naapa, safari hii nasema kweli."

"Safari hii! Kwa hiyo kuna nyingine!" Mama alizikusanya nyuzi zake, amekunja uso. "Ungenidanganya uongo wenye akili, mwanangu, ningekuheshimu kidogo. Mume wangu anunue gari alifanyie nini? Hata baiskeli hajui. Tangu ujana wake anaendesha kitu kisichokuwa na usukani. Reli ndiyo inayokata kona. Yeye kazi yake ni kwenda mbele na kupiga honi."

Watu wakacheka tena. Seremala alicheka mpaka msumeno ukamwanguka.

Spidi hakucheka. Barabara ile aliijua, magari mangapi ameyapitisha pale. Inanyooka vizuri kutoka kwenye kivuko, inamdanganya dereva, kisha ghafla inakata kushoto. Asiyekata anakwenda moja kwa moja kwenye shimo la machimbo ya kokoto.

Na binti yuko kwenye kiti cha nyuma.

"Mama," alisema kwa kunong'ona, "hajawahi kushika usukani? Hata siku moja?"

"Nimekwambia hajawahi. Kwa nini?"

Ufunguo ulimponyoka Spidi ukaanguka juu ya taruma la reli. Alikuwa ameanza kukimbia barabarani, kwa magoti, ndani ya suti ile ile, aliposikia sauti ikitokea kule mbele, kule kwenye machimbo.

Honi ya gari. Ndefu, fupi, ndefu.

Mzee alikuwa anaipigia kona honi, impishe.